Msuguano na Grisi: Kiungo cha Lori na Tela

Hapana shaka umewahi kuona lori refu likivuta tela. Wanafunzi waishio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia huyaona malori hayo mchana na usiku. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma, mpakani, ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Njiani lori hupita Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Mbeya. Hupanda na kushuka milima, na hupinda kona nyingi. Kabla ya kufika Iringa hukutana na mlima Kitonga, ambao madereva wote wanaufahamu kwa ukali wa kona zake.

Sasa jiulize: Lori refu kama hilo hupindaje kona bila kuvunjika katikati? Tena, ni kitu gani kinacholishika tela lenye mzigo mzito lisiachane na lori mlimani? Katika somo hili utajifunza habari za kiungo hicho, na sababu ya kukipaka grisi. Kwanza, hata hivyo, huna budi kuelewa msuguano ni nini.

Msuguano

Jaribio la 1. Fumba viganja vyako viwili pamoja. Visugue kwa nguvu huku ukihesabu mpaka 30. Unasikia nini?

Umesikia joto. Tena umeona kwamba viganja havikuteleza bure. Ilikubidi utumie nguvu. Vitu viwili vinapogusana na kimoja kikajaribu kupita juu ya kingine, hutokea nguvu ya kukizuia. Nguvu hiyo huitwa msuguano.

Hata kitu kinachoonekana laini sana, kama bamba la chuma, kina vilima na mabonde madogo mno ambayo macho hayawezi kuyaona. Vilima vya bamba moja hukwama katika vilima vya bamba jingine. Ukilazimisha mabamba hayo yasogee, vilima hukatika. Hivyo chuma hupata joto, hulia na hulika kidogo kidogo.

Jaribio la 2.

Vifaa: ubao mrefu, kipande kidogo cha ubao, mawe mawili yenye uzito unaokaribiana, uzi, ukanda wa mpira kama ule wa manati, rula na kipande cha sabuni ya mche.

Njia:
(a) Laza ubao mrefu juu ya meza. Weka kipande cha ubao juu yake, kisha weka jiwe moja juu ya kipande hicho.
(b) Funga kipande cha ubao kwa uzi. Funga ukanda wa mpira kwenye ncha ya uzi.
(c) Vuta ukanda polepole. Mwenzako apime urefu wa ukanda wakati ule ule ubao unapoanza kusogea. Andika kipimo hicho.
(d) Ongeza jiwe la pili, uvute tena. Andika kipimo.
(e) Sasa ondoa ubao mdogo. Sugua sabuni kavu juu ya ubao mrefu na chini ya ubao mdogo mpaka pawe na utelezi. Rudisha mawe yote mawili, uvute mara ya tatu. Andika kipimo.

Je, ukanda ulirefuka zaidi mara ipi? Ulipoongeza jiwe, ulihitaji nguvu kubwa zaidi. Hii yaonyesha kwamba mzigo ukiongezeka, msuguano nao huongezeka. Ulipopaka sabuni, nguvu iliyohitajika ilipungua, ingawa mawe yalikuwa yale yale. Sabuni ilikaa katikati ya mbao mbili na kuzitenganisha. Kitu kinachopunguza msuguano kwa njia hii huitwa kilainishi. Mafuta ya mashine na grisi ni vilainishi.

Kiungo cha lori na tela

Sasa turudi barabarani. Gari tunalozungumzia lina sehemu mbili. Sehemu ya mbele ina injini na mahali pa dereva. Madereva wetu huiita kichwa. Sehemu ya nyuma ni tela. Tela la namna hii lina magurudumu ya nyuma tu; halina magurudumu ya mbele. Sehemu yake ya mbele hulala juu ya kichwa, na kichwa hubeba sehemu ya uzito wa mzigo.

Mahali tela linapolala pana bamba nene la chuma. Bamba hilo lina mwanya upande wa nyuma, hivyo umbo lake lafanana na kwato ya farasi. Chini ya tela pana bamba jingine, na katikati yake imetokeza pini nene ya chuma ielekeayo chini. Malori mengi hutumia pini yenye kipenyo cha inchi 2, yaani milimita 50.8. Kichwa kinaporudi nyuma, pini huingia katika mwanya wa bamba. Ndani yake mna mataya ya chuma ambayo huikamata pini na kujifunga.

Chukua kitabu chako ukiweke juu ya kiganja cha mkono wako wa kushoto. Kishike kitabu kisisogee kwa mkono wa kulia. Sasa geuza kiganja polepole kuelekea kulia na kushoto chini ya kitabu. Hivyo ndivyo lori lipindavyo kona. Kiganja ni bamba la kichwa, na kitabu ni tela. Kichwa hugeuka kwanza, nalo tela hufuata nyuma. Kila kona mabamba haya mawili husuguana, na mzigo wa tani nyingi uko juu yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 hairuhusu gari pamoja na mzigo wake kuzidi tani 56. Kumbuka jinsi jiwe moja tu lilivyoongeza msuguano katika jaribio lako, kisha ufikirie msuguano wa mzigo huo!

Kiungo hiki Waingereza na Wamarekani hukiita gurudumu la tano. Jina hili ni la zamani kuliko malori. Gari la farasi lilikuwa na magurudumu manne. Juu ya ekseli ya mbele lililazwa duara la chuma, ili ekseli iweze kugeuka kulia na kushoto. Watu walilihesabu duara hilo kuwa gurudumu la tano, ingawa halikugusa ardhi. Malori yalipokuja, jina lilibaki.

Kazi ya grisi

Huenda utauliza: Kwa nini mafundi hawatumii mafuta mepesi kulainisha mabamba haya? Mafuta mepesi hutiririka. Yakimiminwa juu ya bamba lililo wazi, yatashuka chini na kuacha chuma kikavu. Kwa sababu hiyo hutumika grisi.

Grisi hutengenezwa kwa mafuta ya mashine yaliyochanganywa na sabuni ya namna ya pekee, ambayo si ile ya kufulia. Sabuni hiyo huyashika mafuta kama kitambaa kishikavyo maji. Bamba likigandamizwa, mafuta hutoka kidogo kidogo na kukaa katikati ya chuma na chuma. Kwa hiyo grisi hukaa mahali pake hata katika joto na mvua. Mabamba mengi yana mifereji midogo iliyochongwa juu yake ili kuhifadhi grisi.

Grisi hufanya kazi tatu katika kiungo hiki:
1. Hupunguza msuguano, hivyo kichwa hugeuka kwa urahisi.
2. Huzuia chuma kulika upesi.
3. Huzuia maji yasiguse chuma na kuleta kutu.

Je, bamba likiwa kavu hutokea nini? Dereva huzungusha usukani, lakini tela hukishikilia kichwa kisigeuke. Usukani huwa mzito. Matairi ya mbele huburuzwa badala ya kubingirika vizuri, nayo huisha upesi. Barabara ikiwa na utelezi wa mvua, lori laweza kwenda moja kwa moja mahali ambapo barabara imepinda. Fikiria jambo hilo likitokea katika kona ya mlima, na upande mmoja ni bonde. Grisi ya shilingi chache imekosekana, na sasa dereva, mzigo na watu wengine barabarani wako hatarini.

Grisi chafu

Sasa hebu tufikirie yadi ya malori mjini Morogoro, asubuhi mapema. Tela lenye mifuko ya saruji limesimama kwa miguu yake ya chuma, na kichwa kimewekwa kando. Dereva na utingo wake wanajitayarisha kwa safari ya Mbeya. Utingo ameshika kopo la grisi.

"Mzee, grisi ya zamani bado ipo nyingi," asema utingo. "Niongeze kidogo tu juu yake?"

"Chukua kidogo, kijana wangu, uisugue kwa vidole. Wasikia nini?"

Utingo asugua. "Nasikia mchanga, mzee."

"Basi hiyo si grisi tena. Hiyo ni msasa. Ukiongeza mpya juu yake utakuwa umeulisha msasa. Leta tambara, tuifute yote kwanza."

Je, dereva huyu alisema kweli? Usikubali neno lake mpaka umelijaribu mwenyewe.

Jaribio la 3.

Vifaa: mifuniko miwili ya makopo iliyo bapa, isiyo na makali pembeni; mafuta ya kupikia yaliyoganda; chembe za mchanga mkavu; kitambaa.

Njia:
(a) Futa mifuniko iwe safi. Paka mafuta juu ya mifuniko yote miwili.
(b) Isugue mfuniko kwa mfuniko mara 20. Sikiliza sauti yake.
(c) Futa mafuta na utazame uso wa kila mfuniko.
(d) Paka mafuta tena, kisha nyunyiza mchanga kidogo. Sugua mara 20. Sikiliza.
(e) Futa na utazame tena.

Umeona nini? Mara ya kwanza mifuniko iliteleza kimya. Mara ya pili ilikwaruza, na uso wake umejaa mistari. Mafuta yalikuwa yale yale, lakini mchanga uliingia katikati. Chembe za mchanga ni ngumu, nazo huchimba bati. Mafuta huzishika zisianguke, hivyo zinaendelea kuchimba.

Basi dereva alisema kweli. Grisi hunasa vumbi la barabarani, hasa katika barabara za udongo. Vilevile hunasa vipande vidogo vya chuma vilivyolika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya matunzo ni kusafisha. Kupaka grisi ni kazi ya pili.

Matunzo ya kiungo

Kazi ifuatayo hufanywa na watu wazima waliofundishwa. Wewe unaweza kutazama ukiwa mbali. Usiingie kamwe chini ya tela wala katikati ya tela na kichwa, hata kama vimesimama.

Kwanza, gari husimamishwa mahali tambarare, penye ardhi ngumu. Breki za kuegesha hufungwa, na kabari huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu ya tela. Miguu ya tela hushushwa mpaka iguse chini imara. Baada ya kufungua mipira ya upepo, nyaya za taa na mataya, kichwa husogezwa mbele.

Pili, grisi yote ya zamani huondolewa kwa kipande cha ubao na matambara: juu ya bamba, ndani ya mataya, kwenye pini, na chini ya tela. Grisi chafu haitupwi mtoni wala kisimani, bali hukusanywa katika kopo. Moto na sigara haviruhusiwi karibu.

Tatu, chuma kikiwa safi hukaguliwa. Fundi hutafuta nyufa, bolti zilizolegea, springi iliyovunjika na mataya yaliyolika. Hupima pini pia. Pini mpya ya milimita 50.8 ikipungua hata ikawa chini ya milimita 49, haifai tena, lazima ibadilishwe. Tazama rula yako: upungufu huo haufiki hata milimita 2! Pini iliyopungua hivyo hucheza ndani ya mataya. Kila lori linapofunga breki au kuondoka, pini hugonga, na kila pigo huzidisha ubovu.

Nne, hupakwa grisi mpya, safi. Hupakwa juu ya bamba lote na kujazwa katika mifereji yake. Hupakwa pia kwenye mataya na pini. Kopo la grisi hufunikwa mara moja ili vumbi lisiingie.

Yapo mabamba ya siku hizi yaliyowekewa vipande vya plastiki ngumu juu yake, ambayo hayahitaji kupakwa grisi juu. Kwa sababu hiyo fundi husoma kwanza kitabu cha mtengenezaji, apate kujua grisi ya aina gani inafaa, ipakwe wapi, na baada ya muda gani.

Kuunga tela tena

Grisi nzuri haitoshi kama mataya hayakufunga. Tena grisi nyingi yaweza kumdanganya mtu, kwa maana hufunika chuma na kumfanya asione vizuri. Kwa hiyo baada ya kurudisha kichwa chini ya tela, dereva mwangalifu hafanyi haraka. Hufanya mambo matatu.

1. Huchungulia katikati ya bamba la kichwa na bamba la tela. Mabamba yagusane. Akiona mwanga katikati yake, pini haikukaa mahali pake.
2. Humulika kwa tochi kutoka nyuma, atazame kama mataya yamefunga kuizunguka pini. Hutazama pia kama mpini wa kufungulia umerudi na kukaa mahali pake.
3. Breki za tela zikiwa zimefungwa, hukivuta kichwa mbele polepole. Kiungo kilichofunga vizuri hakiachi.

Baada ya hapo ndipo huunganisha kila mpira wa upepo na waya wa taa vilivyobaki, na kuipandisha miguu ya tela. Mambo hayo matatu huchukua dakika chache tu. Asiyeyafanya aweza kuliacha tela nyuma barabarani, mbele ya gari la watu wengine.

Mahali pasipotakiwa grisi

Usidhani kwamba msuguano ni adui siku zote. Bila msuguano usingeweza kutembea; miguu yako ingeteleza. Tairi hushika barabara kwa msuguano. Breki husimamisha gari kwa msuguano. Grisi ikiingia kwenye breki, gari halitasimama. Fundi mwerevu hajui kupaka grisi tu. Ajua pia mahali pasipotakiwa hata tone.

Huna lori nyumbani, lakini labda iko baiskeli. Mnyororo wake nao hunasa mchanga. Kabla ya kuutia mafuta, ufute kwanza kwa tambara mpaka uwe safi. Kisha tia mafuta kidogo, uzungushe pedali, na ufute yale yaliyozidi. Uwe mwangalifu mafuta yasiguse rimu mahali breki zinapobana. Ukifanya hivyo, utakuwa umeifanya kwa baiskeli yako kazi ile ile ambayo dereva wa Morogoro alimfundisha utingo wake.

Muhtasari

Msuguano ni nguvu inayozuia vitu vinavyogusana visiteleze. Mzigo ukiongezeka, msuguano huongezeka. Msuguano huleta joto na kulika kwa vitu. Kilainishi hutenganisha vitu viwili na kupunguza msuguano. Grisi hukaa mahali pake kuliko mafuta mepesi. Grisi yenye mchanga hula chuma. Kwa hiyo safisha kwanza, kagua, kisha upake. Matairi na breki huhitaji msuguano.

Maswali

1. Msuguano ni nini? Taja mambo mawili yanayoletwa na msuguano.
2. Kwa nini usukani huwa mzito bamba la kiungo likiwa kavu?
3. Kwa nini bamba hupakwa grisi, wala si mafuta mepesi?
4. Dereva aliiita grisi ya zamani "msasa." Eleza maana yake kwa kutumia matokeo ya Jaribio la 3.
5. Pini ilikuwa na kipenyo cha milimita 50.8. Sasa ina milimita 48.9. Imepungua milimita ngapi? Je, yafaa kuendelea kutumiwa?
6. Sema ni wapi panapotakiwa kilainishi na wapi pasipotakiwa: bawaba za mlango, breki za baiskeli, kapi ya kisima, matairi, mnyororo wa baiskeli. Toa sababu kwa kila jibu.
7. Dereva mmoja alipaka grisi safi, akaunga tela, akaondoka mara moja. Ni jambo gani hakulifanya? Hatari yake ni nini?

Kazi ya nyumbani

Tafuta nyumbani vitu vitatu ambavyo hulia au ni vizito kusogea, kama vile bawaba, kufuli au gurudumu la toroli. Mwombe mzazi ruhusa. Safisha kimoja, ukitie kilainishi, kisha uandike kilivyokuwa kabla na baada ya kazi yako. Lete maandishi hayo darasani.